Dakika nne za mgonga kengele: uchambuzi wa kisa cha insha moja ya maombi ya chuo

Kisa hiki kinamhusu mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari aliyekuwa akiomba nafasi katika vyuo vya Marekani. Nilikuwa mshauri wake wa insha, naye amekubali kitumike kufundishia. Nchi yake, shule yake, vyuo alivyoomba na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha nimeyaondoa au nimeyabadilisha. Mtiririko wa kazi yenyewe nimeuacha ulivyokuwa. Nimekiandika kwa ajili ya walimu, washauri na wazazi wanaokaa na kijana mbele ya rasimu wasijue waanzie wapi.

## Mazingira

Vyuo zaidi ya 1,000 hupokea maombi kupitia fomu moja iitwayo Common Application, ambayo hufunguliwa kila mwaka tarehe 1 Agosti. Ndani yake kuna insha kuu isiyopungua maneno 250 wala kuzidi 650. Mwombaji huchagua swali moja kati ya saba, na la saba humruhusu aandike juu ya jambo lolote alitakalo. Mbali na insha hiyo, vyuo vingi huongeza maswali yao mafupi, hasa lile la kwa nini mwombaji anakitaka chuo hicho. Mwisho wa kutuma kwa wanaowahi huwa tarehe 1 Novemba au karibu na hapo. Kwa wengine ni mwanzoni mwa Januari.

Mwanafunzi wetu, nitamwita K., alikuwa hodari wa fizikia na hisabati na mtu wa maneno machache. Familia yake isingeweza kulipa hata sehemu ndogo ya ada, na hilo lilimbana sana. Ni vyuo vichache tu, Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst vikiwa miongoni mwao, ambavyo haviangalii uwezo wa kulipa hata wa mwombaji anayetoka nje ya Marekani. Vingi vilivyobaki huupima uwezo huo wakati wa kuamua. K. aliyajua haya yote. Alikuwa amesoma kila alichokipata kuhusu insha zilizofaulu, akajiaminisha kwamba msomaji wa ofisi ya udahili anataka ahuzunishwe kwanza, kisha atiwe moyo.

## Rasimu aliyokuja nayo

Alinijia mwezi Septemba na insha iliyokamilika. Ilihusu ugonjwa wa mama yake. Mama alikuwa ameugua kwa muda mrefu, na K. alikuwa akiamka usiku kumhudumia wakati wa likizo. Ni mambo ya kweli, na ni mazito. Lakini nilipomaliza kusoma nilikuwa bado sijakutana na K. Ilianza hivi (aliandika kwa Kiingereza, nami natoa maana):

"Usiku ule, chini ya mwanga hafifu wa taa, nilitambua kwamba maisha ni safari yenye milima na mabonde, na kwamba ni wale tu wasiokata tamaa wanaofika kileleni."

Sarufi yake haina dosari. Tatizo ni kwamba sentensi hiyo ingeweza kuandikwa na mtu yeyote kuhusu mama yeyote. Mama mwenyewe hakusema neno hata moja katika insha nzima. Hatukujua alikuwa akifanya nini kabla ya kuugua, alikataa kula nini, alimwita mwanawe kwa jina gani usiku. Badala yake palijaa uvumilivu, ujasiri na matumaini, na aya ya mwisho iliahidi kwamba K. angekuwa daktari, ilhali katika fomu yake mwenyewe aliandika kwamba anataka kusomea fizikia.

Hilo la udaktari lilinishtua kuliko mengine yote. Nilipomuuliza, alijibu kwa unyoofu kabisa: "Mwalimu, insha nyingi za ugonjwa nilizozisoma zinaishia hivyo."

## Uamuzi wa kwanza: kutoigusa rasimu

Ningeweza kuipiga msasa. Ningeondoa milima na mabonde, nikamwomba aongeze maneno mawili matatu ya mama, nikafuta ule udaktari, na ndani ya muda mfupi tungepata insha ya kuridhisha. Nilikataa, na sababu nazieleza kwa kirefu kwa kuwa hapa ndipo washauri wengi tunapotofautiana.

Watu husema kwamba sauti ya mwanafunzi imo ndani ya rasimu yake, imefunikwa tu, na kazi ya mshauri ni kuifunua. Siamini hivyo kwa rasimu za aina hii. K. alipokuwa akiandika alikuwa akijiuliza swali moja, "Wanataka kusikia nini?", na kila sentensi ilikuwa jibu la swali hilo. Ukiirekebisha sentensi unapata jibu zuri zaidi la swali lilelile. Juu ya hapo, kila neno la mshauri linaloingia katika rasimu humwambia kijana kwamba yuko mtu mwingine ajuaye insha yake inapaswa kusikika vipi. K. angeacha kuiga sampuli za mtandaoni na kuanza kuniiga mimi.

Sikuitupa pia. Ilibeba maumivu ya kweli, na kijana akikuonyesha maumivu yake kisha akaambiwa "andika kitu kingine", unamuumiza upya. Tulikubaliana iwekwe kando, isifutwe, na kwamba suala la mama tutalirudia kabla fomu haijatumwa.

## Mazungumzo bila kalamu

Tulikaa tukazungumza kwa Kiswahili, bila daftari mezani. Nilimwomba arekodi kwa simu yake mwenyewe, ili rekodi ibaki mikononi mwake.

Kuna maswali ambayo siku hizi siyaulizi tena mwanzoni: unajivunia nini, changamoto gani imekujenga, unamtazama nani kama mfano. Wanafunzi wanayo majibu yake tayari, na majibu hayo ni hotuba. Nilimuuliza K. ni jambo gani analijua kuhusu shule yao ambalo wenzake hawalijui.

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, kama mtu anayeomba radhi: "Saa ya shule haikuwa sahihi. Ila hilo nalijua mimi tu."

K. alikuwa mgonga kengele wa shule ya bweni. Kengele yenyewe ni ringi ya lori iliyotundikwa mtini, ikigongwa kwa kipande cha nondo. Pamoja na nondo alikabidhiwa saa ya mezani, na shule nzima iliishi kwa saa hiyo: kuamka, paredi, vipindi, chakula, prepo, kulala. Siku moja aliilinganisha na saa ya redio, akakuta shule iko nyuma kwa dakika nne. Akamweleza mwalimu wa zamu. Mwalimu akamjibu kwamba haina neno, maana wote wamechelewa pamoja.

Jibu lile lilimtosha kwa muda, mpaka mtihani wa taifa ulipokaribia. Msimamizi angetoka nje ya shule na saa yake mkononi, na wanafunzi wote wangefika ukumbini wamechelewa bila kujijua. Basi K. akaisogeza saa mbele kwa dakika moja kila usiku, usiku nne mfululizo, asimwambie mtu. Siku ya mtihani kengele ililia kwa saa ya kweli.

Nilimuuliza kwa nini hakuisogeza dakika zote nne kwa mkupuo. "Mpishi angeona," alisema. Hapo alifunguka kuliko wakati wowote tangu tujuane. Akaeleza jinsi mpishi anavyowasha moto kwa kufuata mwanga wa alfajiri na si kengele, kwa hiyo kengele ikiwahi kwa dakika nne uji unakuwa haujaiva, foleni inaanza kunung'unika, mwalimu wa zamu anauliza kulikoni, na saa inarudishwa ilikokuwa. Dakika moja kwa siku hakuna anayeihisi.

Kisha akasema jambo ambalo mimi nililisikia kuwa ndiyo insha yenyewe. Alisema mpaka leo halijamtulia. Shule ilikuwa na wanafunzi 600, kila mmoja alipoteza dakika nne za usingizi, na hesabu yake alikuwa ameshaipiga: "Ni saa 40, Mwalimu. Nilichukua saa 40 za watu na hawajui."

Tazama alichokileta bila kusukumwa. Analinganisha vipimo. Anamfikiria mpishi, ambaye hakuna mwanafunzi mwingine angemweka katika hesabu. Anaona kwamba alitenda jema, na bado anajidai mwenyewe. Katika rasimu ya ugonjwa hapakuwa na hata kimoja kati ya hivi.

Tulipofungua fomu yake tukaona jambo la ziada. Sehemu ya shughuli inaruhusu hadi shughuli 10, kila moja kwa maelezo yasiyozidi herufi 150. K. alikuwa ameorodhesha ukiranja, klabu ya sayansi na mengineyo. Kengele haikuwamo. "Ile ni kazi tu," alisema.

## Uamuzi wa pili: aandike kutokana na alivyosema

Nilimpa kazi moja. Asikilize rekodi, aandike kwa mkono kila alichosema, pamoja na pale alipokwama na pale alipojisahihisha. Akimaliza, aifunge karatasi hiyo, kisha aandike kisa kwa Kiingereza bila kuitazama.

Sehemu ya kwanza ni ya kuchosha, na wanafunzi hulalamika. Naisisitiza kwa sababu mtu anayejinakili hujisikia kwa mara ya kwanza. K. alirudi na mambo aliyoyagundua mwenyewe: kwamba sentensi zake ni fupi, kwamba huanza na namba kisha ndipo aeleze namba hiyo inahusu nini, kwamba akisema jambo kubwa hulipunguza mara moja. Hayo ndiyo maelezo ya sauti yake, na ameyatoa yeye.

Kwa upande wangu nilijiwekea sharti: nisiandike neno lolote katika rasimu. Mstari mnyoofu chini ya mahali ninapomsikia yeye, mstari wa mawimbi mahali ninapomsikia mtu mwingine, na pembeni maswali tu. Kuna sababu ya uadilifu pia. Mwombaji huthibitisha kwa jina lake kwamba insha ni kazi yake, na mimi sitaki kumfanya kijana aanze chuo kwa uthibitisho wenye mashaka.

Rasimu ya pili ilikaribia mara mbili ya kikomo. Ilikuwa na makosa ya nyakati za vitenzi, ilirukaruka, na ilikuwa hai. Ilianza: "Shule yetu ilikuwa nyuma ya dunia kwa dakika nne, na mimi nilikuwa mtu pekee aliyejua." Chini ya sentensi hiyo nilipiga mstari mnyoofu, na K. akatabasamu kwa sababu alijua kabla sijaupiga.

## Suala la mama

Kabla ya kupunguza maneno tulirudi kwenye ahadi yetu. Nilimuuliza anataka nani amjue mama yake, na amjue kwa lipi. Alikaa na swali hilo kwa siku kadhaa. Aliporudi alisema kwamba mama ni fundi cherehani mwenye mzaha mwingi, na hataki watu wasiomfahamu wamjue kwa kitanda cha hospitali. Mama mwenyewe, alipoulizwa, alisema vivyo hivyo kwa ukali zaidi.

Lakini ugonjwa ule ulikuwa umeathiri alama za muhula mmoja, na pengo hilo lilionekana katika nakala ya matokeo. Fomu ina sehemu nyingine, fupi, ya kueleza hali na changamoto zilizomkuta mwombaji. Huko K. aliandika sentensi nne kavu: mama aliugua lini, yeye alifanya nini, muhula upi uliathirika, na hali ikoje sasa. Hakuna taa wala mlima. Alimsomea mama kwa simu kabla ya kuzituma.

Nasema hili kwa uzito kwa sababu vijana wengi, hasa wanaotoka katika familia zisizo na uwezo, wameaminishwa kwamba dhiki yao ndiyo mali yao pekee sokoni. Shinikizo hilo halijapungua. Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilizuia vyuo kutumia rangi ya mwombaji kama kigezo cha udahili, lakini maoni ya mahakama yaliacha nafasi kwa mwombaji kueleza jinsi rangi ilivyogusa maisha yake. Baadhi ya vyuo viliitikia kwa kuongeza maswali kuhusu malezi na mazingira ya mwombaji. Maswali hayo ni ya haki. Mwanafunzi anayetaka kusimulia aliyoyapitia asimulie, na mshauri amsaidie kwa heshima yote. Asiyetaka asilazimishwe, na aonyeshwe mahali ambapo taarifa ya lazima inaweza kukaa bila kugeuzwa tamthilia.

## Kalamu za watu wengine

Rasimu ya tatu iliponifikia sikuitambua. Dakika nne zilikuwamo, mpishi alikuwamo, lakini K. alikuwa ameondoka tena.

Yalikuwa yamepita mambo mawili. Kwanza, K. alimpelekea rasimu ya pili mwalimu wake wa Kiingereza, ambaye ndiye pia angemwandikia barua ya mapendekezo. Mwalimu aliisahihisha kwa bidii ya kweli, wino mwekundu ukurasa mzima. Alirekebisha nyakati za vitenzi, jambo lililohitajika. Pia aliunganisha sentensi fupi ziwe ndefu, akabadilisha maneno ya kawaida kuwa mazito, akaongeza methali mwanzoni na funzo mwishoni. Pili, K. alipoona rasimu yake na masahihisho haviendani, aliviingiza vyote katika ChatGPT, programu ya akili mnemba, na kuomba viunganishwe vizuri.

Linganisha. K. aliandika: "Dakika moja hakuna anayeihisi. Nilijua kwa sababu niliijaribu kwangu mwenyewe kwanza." Rasimu ya tatu ilisema: "Kupitia mabadiliko madogo lakini yenye maana, niligundua kwamba uongozi wa kweli mara nyingi hutendeka kimyakimya." Ya kwanza ina kijana anayejifanyia jaribio kitandani. Katika ya pili kijana hayupo.

Kuhusu programu tulimaliza haraka. Tangu 2023 Common Application imeweka wazi kwamba kuwasilisha maudhui ya msingi yaliyotungwa na akili mnemba kana kwamba ni yako ni udanganyifu. K. hakuwa na nia ya kudanganya, alitaka kuwaridhisha watu wote waliomsaidia, na alipoelezwa aliifuta rasimu ile papo hapo.

La mwalimu lilihitaji busara zaidi, na hapa naomba washauri wenzangu wasome polepole. Mwalimu yule hakukosea kwa vipimo vya kazi yake. Kwa miaka mingi amefundisha insha za mtihani, ambako msahihishaji hutoa alama kwa msamiati, methali, muundo na hitimisho lenye funzo. Wanafunzi wake hufaulu. Alichofanya ni kuisahihisha insha ya K. kama insha ya mtihani. Kumwambia K. ayapuuze masahihisho hayo kungemgombanisha na mtu anayemheshimu na anayemhitaji, na kungekuwa ukosefu wa adabu.

Niliomba kuonana na mwalimu, K. akiwepo. Nilianza kwa kumshukuru kwa masahihisho ya sarufi, kwa sababu yalistahili shukrani. Kisha nikamwomba asome sentensi mbili kwa sauti, ya K. na ile iliyoboreshwa, na aniambie ni ipi angeitambua kuwa ya K. kama jina lingefichwa. Alisoma. Akakaa kimya, kisha akasema: "Hii fupi ndiyo yake. Hata darasani huongea hivi." Tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa mlinzi mkali wa sauti ya K. kuliko mimi. Walikubaliana kwamba makosa ya sarufi yasahihishwe na maneno yabaki ya mwandishi.

Kwa K. mwenyewe niliongeza kipimo kimoja: apitie kila sentensi ajiulize kama angeulizwa ana kwa ana, "Una maana gani hapo?", angejibu bila kubabaika. Zisizopita ziliondoka. Kikomo cha maneno 650 kilifikiwa bila shida, kwa kuwa mapambo ndiyo yaliyokuwa yakijaza nafasi.

## Aya ya mwisho

Funzo liliendelea kurudi. Kila rasimu iliishia na kengele iliyomfundisha K. uwajibikaji, muda au uongozi. Nilikuwa nikipiga mstari wa mawimbi, yeye anafuta, linarudi kwa sura nyingine. Shule imemzoeza hivyo tangu darasa la kwanza.

Kilichosaidia ni kumuuliza ni nini hasa kilitokea mwishoni. Kumbe alipomaliza muda wake alimkabidhi nondo na saa mwanafunzi wa kidato cha chini, na hakumwambia kuhusu zile dakika nne. Alitaka kumwambia. Akaona kwamba akimwambia, atamwachia pia uamuzi usio wake. Asipomwambia, saa ikirudi nyuma tena hakuna atakayejua. Hakuwa amepata jibu, na insha iliishia hapohapo, katika kutojua kwake. Aliogopa kwamba msomaji ataiona haijakamilika. Mimi niliona kijana wa fizikia anayekubali kubaki na swali wazi, na nilimwambia hivyo.

## Matokeo

K. alikataliwa na vyuo vingi alivyoomba, akawekwa katika orodha ya kusubiri na kimoja, akakubaliwa na kimoja kilichompa msaada wa kifedha uliotosheleza. Yuko huko sasa.

Sitadai kwamba insha ndiyo iliyomwingiza. Ofisi ya udahili hutazama alama, ugumu wa masomo, mapendekezo, mahitaji ya chuo kwa mwaka ule na fedha zilizopo, na mtu aliye nje hawezi kujua kilichoamua. Ushahidi ninaouthamini ni mwingine. Miezi michache baadaye K. aliomba ufadhili wa nauli na vifaa kwa maelezo mafupi aliyoyaandika peke yake. Alinionyesha baada ya kuyatuma. Yalianza na namba.

## Uchambuzi: kilichofaa

Swali la kile anachokijua peke yake lilifaa kuliko mbinu nyingine yoyote tuliyotumia. Swali la mafanikio humfanya mwanafunzi ajipime na wengine, na vijana wanyenyekevu hushindwa hapo. Swali la ujuzi humweka mahali ambapo yeye ndiye mwenye mamlaka.

Watakaosoma kisa hiki wanaweza kusema K. alikuwa na bahati ya kuwa na hadithi nzuri. Sikubaliani. Kwake haikuwa hadithi, ilikuwa kazi isiyostahili hata mstari wa herufi 150. Mwanafunzi mwingine angeweza kugonga kengele ileile miaka miwili na kuandika juu yake insha iliyojaa uwajibikaji na muda. Sauti ya K. imo katika mpishi, katika saa 40, katika jaribio alilolifanya kitandani. Mpe mada nyingine, na mambo ya aina hiyo yatajitokeza tena.

Kuzungumza kwa Kiswahili kwanza kulimwondolea K. mzigo wa kufikiri na kutafuta maneno ya Kiingereza kwa wakati mmoja. Lakini njia ya rekodi si ya kila mtu. Inamfaa mkimya. Kijana mwenye kipaji cha kuongea hubadilika kuwa mhutubiaji mara tu simu inapowekwa mezani, na kwake ni bora kuanza na orodha kavu: alifanya nini jana kuanzia kuamka hadi kulala, bila sifa yoyote.

Kutoandika neno ndani ya rasimu kulichelewesha kazi. Palikuwa na sentensi ambazo ningeweza kuzinyoosha kwa dakika moja na zikamchukua K. siku mbili. Gharama hiyo naiona halali, maana ndiyo iliyomwezesha kuandika yale maelezo ya ufadhili peke yake.

## Uchambuzi: kilichokwama

Muda. Insha kuu ilimaliza karibu nguvu zote hadi katikati ya Desemba, na insha za nyongeza zikaandikwa kwa pupa kuelekea mwanzoni mwa Januari. Humo sauti ya zamani ilirudi yote. Kwa swali la kwa nini anakitaka chuo, K. aliandika kuhusu maprofesa mashuhuri, mazingira ya kimataifa na fursa zisizo na kikomo, na ungeweza kubadilisha jina la chuo bila kugusa neno jingine. Msomaji wa udahili aliyetoka kusoma insha ya kengele kisha akakutana na hiyo lazima alijiuliza kama ni mtu mmoja.

Nyongeza moja tu ilisimama. Ndani yake alieleza kwamba anataka kujua nani anayeamua saa sahihi ya dunia ni ipi, akataja kozi ya falsafa ya sayansi iliyomo katika mtaala wa chuo hicho, na akaeleza angeuliza nini siku ya kwanza. Hiyo haikuchukua muda mrefu kuliko zile nyingine. Ilitofautiana kwa kuwa alianza na swali lake mwenyewe ndipo akatafuta chuo kinapoingia, wakati kwa nyingine alianza na tovuti ya chuo akatafuta mahali pa kujichomeka.

Mwalimu wa Kiingereza aliingia akiwa amechelewa kuelezwa. Alipewa rasimu kabla ya kuelezwa insha hii inasomwaje, akatumia vipimo alivyonavyo, na wiki nzima ikapotea pamoja na wino wake. Kazi yake ingekuwa na faida mara mbili kama angekaa nasi tangu mwanzo, kwa sababu alimsikia K. darasani kila siku na mimi sikumsikia.

Kwa wanafunzi waliofuata, insha moja ya nyongeza huanza wiki ileile ya mazungumzo ya kwanza, kabla insha kuu haijapata umbo, na mwalimu wa lugha hupokea maelezo ya ukurasa mmoja kuhusu kazi hii kabla hajapokea rasimu yoyote.